Manispaa Zinaponunua kwa Mkoba Mmoja: Kisa cha Jordbro

Kusini mwa Stockholm, manispaa jirani zimezoea kuendesha zabuni zao kwa pamoja. Leo utaratibu huo hauzushi gumzo. Lakini kabla ya sheria kuutambua waziwazi, Sweden ilishuhudia njama kubwa ya wauzaji wa lami, hukumu zilizozitia manispaa hofu, na mabishano yaliyoanzia katika mji mdogo wa Italia.

Treni ya abiria itokayo katikati ya Stockholm kuelekea bandari ya Nynäshamn husimama Jordbro mara tu baada ya kukipita kituo cha Handen. Anayeshuka hapo hukutana na majengo ya ghorofa ya zege yaliyojengwa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ng'ambo ya reli yametandaa maghala na viwanda, kikiwamo kile kinachojaza chupa za Coca-Cola kwa ajili ya soko la Sweden. Na kama kwamba historia imependa kufanya mzaha, karibu na hapo upo uwanja wa makaburi wa Zama za Chuma, mmoja wa mikubwa kabisa nchini humo, wenye mamia ya makaburi yaliyochimbwa kabla hata Stockholm haijakuwa na jina. Jordbro ina wakazi zaidi ya elfu 10, na wengi wao, au wazazi wao, walizaliwa nje ya Sweden.

Mkazi wa Jordbro hulipa kodi katika Manispaa ya Haninge. Hata hivyo huduma nyingi anazozipata haziletwi na Haninge peke yake. Takataka zake hushughulikiwa na SRV, kampuni inayomilikiwa kwa pamoja na manispaa tano: Botkyrka, Haninge, Huddinge, Nynäshamn na Salem. Moto ukizuka, gari linalofika ni la shirika la zimamoto la eneo zima la Södertörn, yaani rasi yote iliyo kusini mwa jiji. Na manispaa inapotaka kununua vitu au kutafuta mkandarasi, kwa miaka mingi zabuni zimeendeshwa na bodi ya pamoja ambayo ndani yake wamo majirani kama Nynäshamn na Tyresö, huku Haninge ikiwa mwenyeji.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, jambo hili huenda likaonekana dogo. Manispaa tatu zikihitaji saruji, kwa nini zisiagize pamoja na kupunguziwa bei? Kidole kimoja, wahenga walikwishasema, hakivunji chawa. Lakini fedha zinazotumika si za diwani wala za mhandisi wa manispaa. Ni za mlipa kodi. Kila manispaa mbili zinapoamua kununua pamoja, au moja inapoamua kununua kutoka kwa nyingine bila zabuni, yupo mfanyabiashara anayebaki nje ya mlango, na yupo mpiga kura anayepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuuliza nani aliyeamua. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyoandika historia hii.

Sweden ilizipa jamii zake za mashinani utawala wao mwaka 1862, kwa sheria zilizofuata mipaka ya parokia za kanisa. Parokia hizo zilikuwa ndogo mno. Hadi katikati ya karne ya 20 nchi ilikuwa na manispaa 2,498, nyingine zikiwa na mamia machache tu ya watu, na kila moja ilitakiwa kuwa na shule, barabara na makao ya wazee. Manispaa ya namna hiyo ilipokwenda sokoni kutafuta mjenzi wa shule, ilikwenda mikono mitupu. Haikuwa na mhandisi wa kuikagua kazi, wala mwanasheria wa kuusoma mkataba, na haikuwa na kazi nyingine ya kumwahidi mkandarasi ili ashushe bei.

Njia ya kwanza ya kushirikiana ilifunguliwa mwaka 1919, sheria iliporuhusu manispaa kuunda shirikisho lenye mamlaka yake kwa ajili ya kazi maalumu. Ilisaidia, lakini Bunge la Stockholm liliona tiba haitoshi, likachagua upasuaji. Mwaka 1952 manispaa 2,498 ziliunganishwa zikabaki 1,037. Mageuzi yaliyokamilika mwaka 1974 yalizipunguza hadi 278. Haninge yenyewe ilizaliwa katika wimbi hilo, pale Österhaninge na Västerhaninge zilipounganishwa mwaka 1971. Kwa lugha ya soko, kuunganisha manispaa kulikuwa ndiyo namna kubwa kuliko zote ya kununua pamoja: wanunuzi wawili waligeuka mnunuzi mmoja, na hapakuwa na sheria ya zabuni iliyohitajika kuwasimamia.

Wakati huo huo nchi ilikuwa katika harakati za ujenzi ambazo hazijarudiwa tangu hapo. Mwaka 1965 wanasiasa waliahidi nyumba milioni moja katika miaka kumi, kwa taifa lililokuwa na watu wasiofika milioni nane. Ahadi ilitimizwa. Jordbro ni mtoto wa zama hizo. Vipande vya kuta vilimwagwa zege kiwandani, vikapakiwa kwenye malori, vikapandishwa kwa kreni iliyotembea juu ya reli kati ya safu mbili za majengo. Ndiyo maana vitongoji vingi vya wakati huo vimenyooka kama mistari ya daftari. Kiwanda cha vipande vya zege hakina faida kikipata agizo la nyumba hamsini, kinataka maelfu. Serikali ilitoa mikopo nafuu kwa miradi mikubwa, na manispaa zikawa wateja wa makampuni machache makubwa ya ujenzi.

Ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, Uingereza ilikuwa imejaribu njia nyingine. Jimbo la Nottinghamshire lilihitaji shule mpya, lakini ardhi yake ilikuwa imetobolewa na migodi ya makaa ya mawe, na jengo la kawaida lilipasuka pale ardhi ilipozama. Idara ya msanifu wa jimbo, Donald Gibson, ikabuni jengo jepesi la fremu za chuma zilizoweza kucheza pamoja na ardhi. Kiufundi lilifaa. Lakini nani atakayekubali kuvitengeneza vipande hivyo kwa ajili ya shule chache za jimbo moja? Mwaka 1957 Nottinghamshire ikaungana na serikali nyingine za mitaa na kuanzisha muungano uliojulikana kama CLASP. Wanachama walijumlisha mahitaji yao, wakatangaza zabuni ya vipande kwa pamoja, kisha kila mmoja akajenga shule zake kwa ratiba yake. Mwaka 1960 shule ya mfumo huo iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Triennale mjini Milan ilipata tuzo kuu, na sifa zikaenea Ulaya nzima.

Zikaenea pia kasoro. Usiku mmoja wa Desemba 1974, moto ulizuka katika nyumba ya wazee ya Fairfield, kijijini Edwalton, Nottinghamshire, jengo lililojengwa kwa mfumo huo huo. Moto ulipita katika uwazi uliokuwa juu ya dari, kutoka chumba hadi chumba, na watu 18 wakafa. Hapo ndipo ilipobainika jambo ambalo wahasibu hawakuliandika katika hesabu za akiba: wanunuzi wengi wakinunua kitu kimoja, kosa la kitu hicho huwa la wote kwa siku moja. Aliyenunua peke yake hukosea peke yake.

Sweden ya miaka hiyo haikuwa na sheria moja ya ununuzi iliyozibana manispaa zote. Serikali kuu ilikuwa na kanuni zake, nazo manispaa zilijiwekea kanuni zao kwa kufuata vielelezo. Mjenzi aliyehisi kuonewa alikuwa na pa kulalamikia pachache. Hali ilibadilika tarehe 1 Januari 1994, Sweden ilipojiunga na Eneo la Kiuchumi la Ulaya, mwaka mmoja kabla ya kuingia Umoja wa Ulaya wenyewe. Siku hiyo ilianza kutumika sheria ya ununuzi wa umma, na tangu hapo mkandarasi aliyeshindwa zabuni ya kukarabati shule aliweza kuipeleka manispaa mahakamani.

Kwa Haninge wakati ulikuwa mgumu. Mgogoro wa fedha na nyumba ulioikumba Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliiacha na mzigo wa madeni ya nyumba, na katikati ya muongo huo ilikuwa miongoni mwa manispaa zilizolazimika kuinyooshea mkono serikali kuu. Si vigumu kuelewa kwa nini manispaa ya namna hiyo ilitaka kuhesabu kila krona inayokwenda kwa mkandarasi. Mwishoni mwa muongo huo sheria ya serikali za mitaa ikafungua mlango mwingine, yaani bodi ya pamoja. Manispaa mbili au zaidi zinateua wajumbe, moja inakuwa mwenyeji na kuajiri watumishi, na gharama zinagawanywa. Hakuna haja ya kuunda chombo kipya chenye kodi na bunge lake.

Ndipo ikaja habari ya lami.

Asubuhi moja ya Oktoba 2001, maofisa wa Mamlaka ya Ushindani ya Sweden waliingia kwa ghafla katika ofisi za makampuni yanayotandaza lami barabarani. Walikuwa wamepewa taarifa na watu waliowahi kufanya kazi ndani ya sekta hiyo. Walichokikuta kilifungua kesi kubwa kuliko zote za aina yake nchini humo. Makampuni yalikuwa yanakutana kabla ya zabuni na kukubaliana nani ashinde wapi. Aliyepangiwa kushindwa alipeleka bei ya juu kwa makusudi ili zabuni ionekane ya kweli, naye alilipwa fidia kwa namna moja au nyingine. Miongoni mwa waliohusika yalikuwamo majina makubwa ya ujenzi kama NCC, Skanska na Peab. Lakini jina lililowashangaza watu zaidi lilikuwa la kitengo cha uzalishaji cha Idara ya Barabara yenyewe. Dola ilikuwa upande wa mnunuzi, na mkono wake mwingine ulikuwa mezani pamoja na wauzaji.

Mwaka 2003 mamlaka hiyo ilifungua kesi. Mahakama ya mjini Stockholm ilitoa hukumu mwaka 2007, na Mahakama ya Soko ikamaliza rufaa mwezi Mei 2009. Faini zote kwa jumla zilifika takriban krona milioni 500, na NCC peke yake ilitakiwa kulipa milioni 200. Wauzaji walikuwa wamekwishaunda umoja wao kwa siri, huku wanunuzi, yaani mamia ya manispaa, wakiendelea kufika sokoni mmoja mmoja, kila mmoja akidhani bei aliyopewa ndiyo bei ya soko. Manispaa moja haikuwa na namna ya kujua kwamba jirani yake amepelekewa bei zile zile za uongo, kwa mpangilio ule ule, ila mshindi amebadilika. Wanunuzi wanaofungua bahasha pamoja wana nafasi kubwa zaidi ya kuuona mchoro huo.

Kwa hiyo hoja ya kununua pamoja ilipata nguvu. Na hapo hapo sheria ikaisimamisha.

Kizuizi kilianzia Viano, mji mdogo katika milima ya mkoa wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Mwezi Mei 1997 baraza la mji huo liliamua kwamba mitambo ya kupasha joto majengo ya manispaa iendeshwe na AGAC, shirika lililoundwa na manispaa kadhaa za mkoa huo, Viano ikiwamo. Zabuni haikutangazwa. Kampuni binafsi iitwayo Teckal, iliyokuwa ikifanya biashara hiyo hiyo, ikalalamika. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg, ambayo tarehe 18 Novemba 1999 ilitoa hukumu ambayo mawakili wa ununuzi wangali wakiitaja kila siku.

Kwa maneno mepesi, majaji walisema hivi. Manispaa ikinunua kutoka kwa chombo kilicho tofauti nayo kisheria, sheria ya zabuni inatumika, hata kama chombo hicho nacho ni cha umma. Upo msamaha mmoja tu: iwapo manispaa, peke yake au pamoja na wenzake, inakitawala chombo hicho kama inavyozitawala idara zake, na iwapo sehemu kuu ya kazi ya chombo hicho inafanywa kwa ajili ya manispaa hizo zinazokimiliki. Chombo cha pamoja kinachowatumikia wenyewe ni sawa na mkono wa mwili. Kinachokwenda kutafuta wateja wengine sokoni ni mfanyabiashara kama wafanyabiashara wengine, na kishindane nao.

Sweden ilikuwa na desturi ndefu ya makampuni ya pamoja ya manispaa, na wengi walidhani msamaha huo unawahusu moja kwa moja. Mwaka 2008 waliamshwa. Manispaa mbili za mkoa wa Skåne, kusini kabisa mwa nchi, zilikuwa zimetoa kazi ya taka kwa kampuni ya Sysav, inayomilikiwa na manispaa za eneo hilo, bila kutangaza zabuni. Mahakama Kuu ya Utawala ilisema hilo haliruhusiwi, kwa kuwa Bunge la Sweden halikuuandika msamaha wa Teckal katika sheria ya nchi. Ulaya inaruhusu, lakini Sweden haijasema imekubali ruhusa hiyo.

Athari zake zilifika hadi Jordbro. Ikiwa Sysav haiwezi kupewa kazi na wamiliki wake bila zabuni, je, SRV? Je, makampuni mengine ya pamoja ya maji, ya joto na ya taka nchi nzima? Kwa manispaa yalikuwa mambo ya lori la taka la wiki ijayo. Wafanyabiashara binafsi, kwa upande wao, waliipokea hukumu hiyo kwa furaha, nao hawakukosa hoja: mwenye malori matatu na wafanyakazi kumi analipa kodi katika manispaa ile ile, na kila kazi inayotolewa ndani kwa ndani ni mlango uliofungwa mbele yake.

Mwaka uliofuata upepo uligeuka tena kutoka Luxembourg. Majimbo madogo manne yanayoizunguka Hamburg yalikuwa yameafikiana na jiji hilo mwaka 1995 kuchoma tani 120,000 za taka zao kwa mwaka katika tanuri ambalo jiji lilikuwa linalijenga. Zabuni haikuwapo, na Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ikaishitaki Ujerumani. Juni 9, 2009, mahakama ilikataa mashitaka hayo. Serikali za mitaa, ilisema, zinaweza kushirikiana kutimiza wajibu wao wa umma bila kulazimika kuunda kampuni, mradi ushirikiano huo unaongozwa na maslahi ya umma tu na haumpendelei mfanyabiashara yeyote binafsi.

Bunge la Sweden lilichukua hatua mwaka 2010. Kuanzia Julai 15 mwaka huo msamaha wa Teckal uliingizwa katika sheria kwa muda, ukafanywa wa kudumu mwaka 2013. Siku hiyo hiyo sheria ilianza kuvitambua vyombo vya ununuzi wa pamoja vinavyonunua kwa niaba ya wengine, jambo ambalo Umoja wa Ulaya ulikwishaliruhusu tangu 2004. Na siku hiyo hiyo makali nayo yaliongezwa. Manispaa iliyotoa mkataba kinyume cha sheria iliweza kutozwa faini ya kuanzia krona 10,000 hadi milioni 10, na mkataba wenyewe kufutwa. Ruhusa na fimbo zilitoka katika kikao kimoja, na pengine ndivyo ilivyostahili kuwa. Baadaye mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2014 uliweka tarakimu pale ambapo majaji walikuwa wamesema "sehemu kuu": zaidi ya asilimia 80 ya kazi za kampuni ya pamoja lazima ziwe za wamiliki wake.

Kazi za ujenzi zina ugumu wake ambao karatasi na kompyuta hazina. Karatasi iliyonunuliwa kwa pamoja hufika Tyresö ikiwa sawa na ile ya Nynäshamn. Shule haiko hivyo. Kiwanja kimoja ni mwamba, kingine ni udongo wa mfinyanzi. Moja ni jengo jipya, jingine ni la 1968 lenye kuta za zege na vifaa vya hatari vya zama zake. Ndiyo maana manispaa zinazoshirikiana kwa kawaida hazinunui shule moja moja pamoja. Hununua kazi zinazojirudia: kutandaza lami, kutengeneza paa, kupaka rangi, umeme, mabomba. Zinafunga mkataba mama na wakandarasi kadhaa, bei za saa na za vifaa zikiwa zimekubaliwa, kisha kila manispaa huagiza kazi inapoihitaji.

Katika mkataba mama ndimo hatari inamojificha. Mkandarasi aliyeshinda hupata kazi kwa miaka minne, ambayo kwa kawaida ndiyo ukomo unaowekwa na sheria. Aliyeshindwa hukaa nje kwa miaka hiyo hiyo, tena si katika manispaa moja bali katika zote. Fundi wa paa mwenye wafanyakazi watano mjini Jordbro hawezi kuahidi kwamba atafika Nynäshamn na Tyresö kwa wakati mmoja, basi hata kuomba haombi. Mwongozo wa 2014 ulijaribu kumkumbuka: mnunuzi anatakiwa kuigawa zabuni katika mafungu, na asipoigawa aeleze sababu. Anayejua kuandika sababu, bila shaka, ataiandika. Lakini angalau imeandikwa, na mahakama inaweza kuisoma.

Hatari ya pili ni mkataba kukua kama mboga isiyopogolewa. Zabuni inatangazwa kwa jina la manispaa mbili, kisha ya tatu inaona bei ni nzuri na kutaka kuingia, halafu ya nne. Kesi ya hospitali za Lombardia, nchini Italia, ilimalizwa Luxembourg tarehe 19 Desemba 2018 kwa jibu lililo wazi: anayetaka kufaidika na mkataba mama awe ametajwa tangu mwanzo, na kiasi cha juu kiwe kimewekwa. Kesi ya majimbo mawili ya Denmark ikakazia jambo hilo Juni 17, 2021. Tangazo la zabuni lazima litaje kikomo, na kikomo kikifikiwa mkataba umekwisha nguvu, hata kama miaka yake haijaisha. Kesi zote mbili zilihusu huduma na vifaa vya hospitali, lakini kanuni zake zinazibana pia zabuni za ujenzi. Maofisa wa ununuzi walipaswa kubadili mazoea yao. Kabla ya hapo, makadirio yalikuwa makadirio tu. Sasa mhandisi lazima aseme mapema ni barabara kiasi gani zitakazowekwa lami katika miaka minne, na akikosea kwa kupunguza, barabara ya mwisho itasubiri zabuni mpya.

Liko pia jambo la kusubiri ambalo wakazi huliona bila kujua chanzo chake. Matokeo ya zabuni yakitangazwa, mkataba haufungwi papo hapo. Aliyeshindwa hupewa siku zisizopungua kumi za kutafakari, na akienda mahakama ya utawala, kila kitu husimama. Zabuni ikiwa ya manispaa moja, inasimama manispaa moja. Ikiwa ya manispaa kadhaa, shauri la mkandarasi mmoja huzisimamisha zote kwa siku moja. Nguvu ya kuungana inageuka kuwa udhaifu wa kuungana, kama ilivyokuwa kwa dari za Nottinghamshire, ijapokuwa hapa hakuna anayekufa.

Tanzania imeipita njia inayofanana na hii, kwa mwelekeo wa kinyume na kisha kurudi. Halmashauri zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa mwaka 1984. Sheria ya mwaka 2001 iliweka Bodi Kuu ya Zabuni. Ile ya 2004 iliivunja, ikaacha kila taasisi, halmashauri zikiwamo, inunue yenyewe chini ya jicho la Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Mwaka 2007 ukaanzishwa Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, GPSA, unaofunga mikataba mama na wazabuni ili taasisi ziagize kwa bei zilizokubaliwa. Tofauti na Södertörn ni kwamba umoja huo umeundwa kutoka juu. Halmashauri mbili jirani hazikukaa na kukubaliana, taifa liliwakubalia.

Katika ujenzi, nchi hiyo ilichagua njia iliyo mbali kabisa na kununua pamoja. Mfumo unaoitwa fosi akaunti huziruhusu shule na vituo vya afya kujengwa na mafundi wa kawaida, vifaa vikinunuliwa na kamati za hapo hapo. Mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, na mfumo huo ndio uliotegemewa. Fedha zilibaki kijijini, na wanakijiji waliliona dirisha likipachikwa. Lakini maelfu ya kamati zilikwenda dukani katika majuma yale yale kutafuta saruji, nondo na mabati, kila moja na orodha yake, mbele ya wauzaji wanaojua kwamba tarehe ya mwisho haisogei. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ametaja zaidi ya mara moja kasoro za usimamizi wa miradi ya aina hiyo. Zanzibar, Kenya na Uganda zina sheria zao, na kaunti za Kenya zimeunda jumuiya za kiuchumi za kikanda, ile ya Pwani ikiwa mojawapo, ambako mazungumzo ya kufanya mambo pamoja yamekwenda haraka kuliko zabuni.

Nchini Sweden hatua ya karibuni ilichukuliwa mwaka 2018. Sheria mpya ya serikali za mitaa ilianza kutumika Januari 1, na kuanzia Julai 1 mwaka huo manispaa yoyote iliruhusiwa kukubaliana na nyingine kwamba moja ifanye kazi ya mwenzake, hata bila bodi ya pamoja. Lakini watunga sheria hawakuigusa sheria ya ununuzi. Makubaliano yanaweza kuwa halali kwa sheria ya manispaa, na wakati huo huo kuwa haramu kwa sheria ya zabuni. Mwanasheria wa manispaa anayesoma kitabu kimoja tu anaweza kumwingiza mwajiri wake katika faini.

Na swali la mpiga kura? Katika bodi ya pamoja kila manispaa ina angalau mjumbe mmoja na mbadala wake, walioteuliwa na baraza lao. Haninge ina wakazi karibu laki moja, Tyresö takriban elfu 50, Nynäshamn karibu elfu 30. Watumishi ni wa mwenyeji, na nyaraka hutunzwa na mwenyeji. Mkazi wa Jordbro anayetaka kujua kwa nini njia ya watoto kwenda shule imewekwa lami na kampuni fulani anaweza kuziomba, kwa kuwa sheria ya Sweden inampa kila mtu haki ya kuona nyaraka za umma bila kueleza sababu. Mkazi wa Nynäshamn ana haki hiyo hiyo. Ila yeye humwandikia ofisa asiye wa manispaa yake, anayesimamiwa na bodi ambayo wajumbe wake wengi hakuwapigia kura, na uchaguzi unapofika, mara moja kila baada ya miaka minne, majina yao hayamo katika karatasi yake.